Mshono wa Saba

Kamba nimeishika mimi.
Upande wa pili wa kamba yuko Murhula,
mtoto wa jirani yangu wa Kadutu,
mitungi miwili mgongoni, taa kwenye paji la uso,
anashuka kuiangalia meli niliyoichomelea
mwaka ule saruji ilipopanda bei mara tatu
na kila mwenye pesa Bukavu akataka meli.

Mvuto mmoja: juu.
Miwili: nishuke zaidi?
Mitatu sikumfundisha. Mitatu ni ya kumwomba Mungu,
naye ana kamba yake.

Meli iliitwa Mapendano.
Ilibeba saruji, kreti za bia, magodoro,
mbuzi kumi na mmoja wa arusi ya Ijwi,
na watu ambao orodha yao ililowa.
Habari ilinikuta nimevaa miwani ya kuchomelea.
Sikuivua hadi jioni.
Wanasema: dhoruba.
Wanasema: mzigo.
Hakuna aliyewahi kusema: mshono.
Ni mimi tu, usiku, Nabintu akishalala,
kwa sababu bati la saba, nyuma, kushoto,
nililichomelea umeme ukikatika-katika
na mwenye meli amesimama mgongoni kwangu
akihesabu franga kwa sauti.

Safari ya kwanza Murhula aliibuka akitetemeka, akicheka.
Papa Cishugi, kule ni soko!
Sambaza wanapita madirishani kama wamelipa nauli.
Tilapia jike yuko chini ya usukani, kinywa kimejaa watoto,
nimemsogelea, hakufumbua.
Kaa wamepanga kwenye kreti za bia,
kila chupa na mwenye chumba chake.
Reli imeota ukoga, ukiigusa ni kama kumpapasa mbwa.
Nikamuuliza: na chuma?
Akasema: kimeliwa, Papa. Kimekuwa biskuti.

Lakini meli imelala mteremko,
kichwa juu, mkia chini,
na Kivu si ziwa la sakafu moja.
Kuna mahali maji yenye uhai yanaishia
kama lami inavyoishia ukitoka mjini,
ghafla, bila kibao.
Chini ya hapo hakuna samaki, hakuna ukoga,
gesi tu, imelala, imejifunika ziwa zima.
Na mimi ni fundi wa miaka thelathini na minne, najua:
kutu nayo hupumua.
Pasipo pumzi haili.
Basi mshono wangu uko huko, mpya,
umeshika au umeachia,
vilevile kama dakika ile.

Leo ana mitungi ya kukodi kutoka Goma,
gesi ya kuchanganywa, ya kina kirefu.
Niliiuzia mashine yangu ya kuchomelea.
Nabintu anadhani iko kwa mtengenezaji.

Dakika kumi na mbili.
Mapovu yanapasuka kando ya mtumbwi
moja moja, kama mafuta yanayoanza kuchemka.
Kisha kamba, mara mbili.

Yuko mpakani. Mkono wangu unaona:
juu yake vurugu za sambaza,
chini ya miguu yake maji yaliyonyamaza,
na mita tisa mbele, mimi, bado kijana, nimeinama,
cheche zinaniruka mabegani,
sijageuka bado.

Mara mbili tena. Ana haraka, pumzi ina bei.

Jibu langu liko kwenye ncha ya kamba hii.
Na mtoto wa mtu yuko kwenye ncha hiyohiyo.

Nikavuta mara moja.

Ilimchukua muda mrefu kupanda, akisimama njiani
kama wanavyofundishwa, damu izoee.
Alipotoa kifaa kinywani alikuwa na hasira.
Papa, nilikuwa naona chuma kinang'aa!
Nikamwambia najua.
Nikamwambia aksanti, leta mtungi, kaa katikati, tusipinduke.

Halafu nikakunja kamba, taratibu, mviringo juu ya mviringo,
maji yakinichuruzika hadi kwenye viwiko.
Mita tisa za mwisho zilikuwa kavu.